Maji ya Mwenye Jicho

Swabaha alifungua kinywa amwitikie mkwewe salamu, na sauti haikutoka. Akajaribu tena. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama kifuu kinachoburutwa sakafuni.

Bi Mwanakuu aliiweka chini sinia ya mahamri. "Hebu rudia, mwanangu."

Swabaha akatikisa kichwa, mkono kooni.

"Jicho hilo," akasema Bi Mwanakuu bila kupandisha sauti, kama mtu anayesema mvua imeanza kunya. "Nilisema mimi. Tangu tangazo la huo mhadhara wako libandikwe mjini nilisema, jifunike, watu wana macho. Nanyi wasomi mkanicheka."

Zein alikuwa amekaa kando akifunga kamba za viatu. Mtu mwingine angeruka kumwendea mkewe. Yeye alihisi kitu kikimtoka kifuani, mfano wa mchukuzi aliyetuliwa gunia, akaendelea kuifunga kamba iliyokwisha kufungwa. Akajiambia ni huruma inayomlegeza hivyo. Lakini huruma haimfanyi mtu aione chai tamu, na chai ya asubuhi ile aliiona tamu sana.

"Pole," alisema hatimaye. "Pumzika. Pengine Mungu hakupenda."

Swabaha alimtazama. Macho yake yaliuliza: hakupenda nini?

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ya mhadhara. Wote wawili, mume na mke, walisomesha katika chuo kidogo pale Ganjoni, tawi la chuo kikuu. Zein akisomesha historia, Swabaha Kiswahili. Waliporudi kutoka Kampala na shahada zao, ya mke ikiwa bora kuliko ya mume, jambo ambalo nyumbani halikutajwa, waliajiriwa pamoja. Kisha wakaoana. Zein akabaki mhadhiri. Swabaha, kwa kuwa sasa ni mke wa mtu, akafanywa msaidizi wa muda: hana posho ya nyumba, hana kiti katika baraza la wahadhiri, na vipindi vya jioni ambavyo hakuna aliyevitaka vikawa vyake. Mikutanoni aliingia, kwa sababu ilibidi awepo mtu wa kumimina chai.

Mwaka ule wa sitini na nane amri ilibadilika huko Nairobi. Mke wa mtu aliruhusiwa kuthibitishwa kazini. Na idara ya Kiswahili na Historia haikuwa na mkuu. Wageni wangekuja kutoka Nairobi kumsikiliza Swabaha. Akiwaridhisha, angethibitishwa na kupewa idara. Idara aliyokuwamo mumewe.

*

Chumba cha wahadhiri kilitazama upande wa Mbaraki. Asubuhi ile buli la chai lilikuwa mezani, vikombe vimepangwa, na wanaume watano wamekaa wakilitazama.

"Leo tunasubiri nani?" akauliza Joab, mwalimu wa hesabu, mtu wa Kisumu mwenye kicheko cha karibu.

"Swabaha hawezi kidogo tu," akasema Zein. "Sauti imemkauka."

"Ah. Basi chai itakauka pia." Joab akasogeza kikombe chake mbele, akakirudisha. Hapana aliyeligusa buli. "Bwana Zein, mwombe Mungu apone upesi, ila asipone sana. Jumatatu utakuwa ukibisha mlango wake: Bibi Mkuu wa Idara, naomba ruhusa nikanyoe nywele."

Wakacheka. Zein naye akacheka. Haikuwa mara ya kwanza kuusikia utani ule. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja, karani wa reli, alimwamkia njiani kwa heshima zote: "Salama, mume wa Mwalimu?" Mume wa Mwalimu. Miaka minne Swabaha alikuwa mke wa Bwana Zein na hakuna aliyeona ajabu. Maneno yale yale yalipogeuzwa, Zein alitembea njia nzima akiyatafuna.

Mkuu wa chuo, Bwana Nicodemus, alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa bara, mnene, mpole, aliyeogopa ugomvi wa aina yoyote.

"Mhadhara hauahirishiki," alisema. "Wageni wanaondoka Nairobi kwa gari la moshi Ijumaa jioni. Na huo mhadhara wenyewe si wa kusomwa kimya. Unaitwaje vile?"

"Sauti Tusizoziandika."

"Ndiyo. Sasa mtu asiye na sauti atahutubu vipi juu ya sauti?" Akapangusa jasho. "Jambo la pili. Watauliza mume anasemaje. Huuliza kila mara, ni desturi. Mume akisema la, sisi hatuingii baina ya mtu na mkewe. Na mkeo akishindwa kusema Jumamosi, au wewe ukikataa, kiti hakikai kitupu. Wewe ndiye unayefuata, Bwana Zein."

Dirishani meli ilipiga honi bandarini. Zein alisikia neno likimjia ulimini, tayari limevaa kanzu na kofia.

"Bwana Mkuu, waambie mimi nina ghera."

"Nini hiyo?"

"Ghera. Ni ule wivu wa mume mwenye heshima. Anayelinda nyumba yake. Mke wangu atakuwa akikutana na wanaume, akisafiri vikaoni. Kwetu ni sifa."

"Wivu mzuri?" Bwana Nicodemus alifikiri. "Kwetu sisi wivu ni wivu tu. Basi niandike kwamba umekataa?"

"Sikusema nimekataa. Nimesema nina ghera."

"Jumamosi asubuhi nitataka neno ninalolielewa," alisema Mkuu. "Ndiyo au la."

*

Watu wa Mji wa Kale wanaijua dawa ya jicho. Aliyehusudu hutia udhu, maji aliyojioshea yakakingwa, akamwagiwa aliyehusudiwa, na jicho likatoka. Shida ni moja. Huwezi kubisha mlango wa mtu ukamwambia, nipe maji yako; ni sawa na kumwambia, wewe ni hasidi. Wako majirani waliokufa hawasemezani kwa ajili ya beseni.

Bi Mwanakuu hakuwa mtu wa kubisha mlango. Aliwaalika wanawake wa mtaa waje wale vitumbua, akahakikisha sala ya alasiri imewakuta uani pake.

"Kwenye birika la kutawadhia msiende, limeingia mdudu," aliwaambia. "Tieni udhu hapa. Mwanaesha, anza wewe."

Mwanaesha, mke wa Jamaldin wa duka la mkabala, alikuwa mwanamke mwenye macho makali na ulimi usiolala. Alilitazama beseni kubwa lililowekwa chini ya mikono yake.

"Na beseni hili, Bi Mwanakuu?"

"Maji ni haba siku hizi. Nanyweshea asumini zangu."

"Mwaka huu asumini zako zitachanua zikiwa zimetahirika," akasema Mwanaesha, akaosha uso kwa kishindo ili maji yasipungue.

Zein aliporudi aliwakuta wageni wamekwenda zao. Swabaha amekaa kwenye kibao katikati ya ua, maji yanamtiririka nyweleni, leso imemganda mwilini. Daktari alikuwa amemwambia koo limechoka, alinyamazishe, na alikuwa amemtii daktari. Sasa alikuwa akimtii mkwewe. Shahada ya Kampala ilikuwa ukutani chumbani, naye mwenyewe alikuwa akidondoka matone. Alimwonyesha mumewe kwa kidole jinsi maji yalivyomwingia sikioni, na akatabasamu.

"Haya ni ya wote waliokuja," Bi Mwanakuu akaeleza. "Bado wale mabinti wa Bondeni waliokataliwa pale chuoni. Kesho nitawapata."

"Mama," akasema Zein, "mbona ni wanawake watupu?"

"Sasa wataka nani?"

"Nauliza tu."

"Mwanamume amhusudu mwanamke kwa lipi?" Bi Mwanakuu alilikamua shungi la mkwewe kama anayekamua nazi. "Mwanamume ana ghera, mwanangu. Husuda ni yetu sisi."

Zein akaingia ndani. Alikuwa na kiu, akanywa maji, na kiu haikwisha.

*

Alhamisi baada ya magharibi alikaa na wenzake barazani kwa Mzee Muhdhar, mshonaji wa kofia, kama alivyozoea. Kahawa ilikuja. Zein hakutaka kusemeshwa, lakini baraza haina adabu hiyo.

"Sasa Jumatatu tukuiteje?" akaanza Jamaldin. "Bwana Swabaha?"

"Mwacheni," akasema mwingine. "Ataipata wapi nafasi ya kuja barazani? Atakuwa akimbebea mwenziwe vitabu."

"Na jioni amkande miguu. Kazi ya ukuu inachosha."

Zein alishika kikombe kwa vidole viwili. Angeweza kucheka. Angeweza kusema, wallahi nitambebea, alinibebea miaka minne. Maneno hayo aliyaona, yako pale pale, kama tunda lililo karibu na mkono. Akachukua lile jingine.

"Mimi nina ghera na mke wangu," alisema. "Na Mkuu wa chuo n'shamwambia."

Jamaldin akatazama chini. Mzee Muhdhar akaweka sindano, akachukua deli la kahawa mwenyewe, akammiminia.

"Mume ni huyu," alisema. "Siku hizi waume wamekwisha. Mtu aona mkewe aondoka, naye akamwuliza, nikushikie mwavuli? Kunywa, mwanangu."

Zein alikunywa. Sifa zile zilimwingia moto mwilini, na kwa muda kidogo aliamini kila neno. Ni kweli, alijiambia, mimi namlinda. Ni nani angemlinda kama si mimi? Lakini alipoinua macho alimwona Jamaldin akimtazama kwa heshima mpya, heshima iliyolipiwa na mtu mwingine, na kahawa ikarudi uchungu wake.

Jamaldin akaenda nyumbani akamwambia mkewe. Na mkewe, wajua, ni Mwanaesha.

*

Ijumaa asubuhi Swabaha alikuwa akipiga pasi kanzu ya mumewe ya kwenda sala. Hakugeuka Zein alipoingia.

"Mwanaesha amenisemeza kutoka dirishani kwake," alinong'ona. Ilibidi Zein asogee ili asikie. "Eti una ghera."

"Watu wa mtaa huu hawaachi jambo."

"Ni kweli au si kweli?"

"Swabaha, mume gani asiyekuwa nayo?"

Aliiweka pasi juu ya kisahani chake. Makaa yalilia ndani. "Kuna mwanamume, Zein?"

"Hapana. Lahaula. Sikusema hivyo."

"Maana ghera ina sababu. Mtu huonea ghera kitu kinachotaka kuchukuliwa. Nakuuliza anayenichukua ni nani."

Zein akajifanya kutafuta kofia yake.

"Miaka minne nakaa na wanaume wale wale," mnong'ono ukaendelea, kila neno likimgharimu. "Joab amenisomesha utani wote wa kwao. Vipindi vya jioni navuka mji peke yangu, makarani thelathini mbele yangu, wewe umelala kitini unasikiliza redio. Hukuwa na ghera. Mikutanoni nilipita na buli kutoka mkono wa huyu hadi mkono wa huyu. Wewe ulininyooshea kikombe chako. Hukuniona hata usoni, Zein. Ulinyoosha kikombe tu."

"Usijichoshe. Daktari amesema..."

"Ghera yako ina umri wa wiki mbili. Imezaliwa siku moja na cheo changu."

Aliinama, akaichukua pasi, akaendelea na mkono wa kanzu. Aliupiga vizuri, mikunjo yote ikatoka. Zein angependa aiunguze. Angekuwa na la kulalamikia.

Alitoka uani. Bi Mwanakuu alikuwa amekaa kwenye ngazi, beseni tupu miguuni.

"Nimechoka, Zein," alisema. "Mabinti wa Bondeni pia nimewapata. Hapana mwanamke nisiyemnawisha. Nimebaki mimi, na jana nimetia udhu wangu vilevile, nikamwagia, nikasema huenda ni mimi mwenyewe, moyo wa mtu ni msitu. Wala si mimi. Jicho hili nalo ni la nani?"

Zein alimtazama mamake. Mwanamke wa umri ule, mwenye hadhi yake mtaani, alikuwa amelikinga beseni chini ya mikono yake mwenyewe ili kujipima. Hakuona aibu. Naye mwanawe, aliyesomesha vijana sababu za vita na kuanguka kwa dola, hakuwa amethubutu hata kulitazama.

Wivu wa mapenzi upo, na Mungu ameuumba. Ghera ipo. Na lipo lile la tatu, dogo, lenye jina baya, linaloona kheri kwa mtu na kuomba imtoke. Zein alilijua sasa kwa uso wake. Lilikuwa na uso wa mtu anayekunywa chai tamu huku mkewe ameshika koo.

"Nipishe, mama," alisema. "Nataka kutia udhu."

"Birika halina mdudu, nenda tu."

"La. Nitatia hapa."

Alijitwalia kata ya maji, akachutama juu ya beseni. Akaosha mikono. Akasukutua. Akaosha uso, maji yakirudi beseni, na Bi Mwanakuu, aliyekuwa ameanza kusimama, akakaa tena polepole. Akaosha mikono hadi viwikoni. Akapaka kichwa. Alipofika miguuni hakuweza kumtazama mamake.

"Zein."

"Naam, mama."

"Unajua maji haya huwa ni ya nini."

"Najua."

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa akikuna nazi.

"Na mimi nikawazungusha wanawake wa watu," akasema Bi Mwanakuu. "Mabinti wale wadogo. Nitamwambia nini Mwanaesha?"

"Mwambie kweli."

"Kweli hiyo, mwanangu, haitelemki hata kwa vitumbua." Lakini aliinuka, akamfungulia mlango, maana mikono ya mwanawe ilikuwa imeshika beseni.

Swabaha aliyaona maji, akamwona mumewe, mikono ya shati imekunjwa, ndevu zinadondosha maji. Hakuuliza ni ya nani. Aliuliza jambo moja tu.

"Umeosha na miguu?"

"Nimeosha."

Akaondoa leso kichwani, akainama. Zein akammwagia. Maji mengine yakaanguka kwenye kanzu iliyokwisha kupigwa pasi.

*

Sauti haikurudi. Koo lililochoka halijui udhu wa nani.

Lakini jioni ile Swabaha alimketisha mumewe mbele yake. Akamkumbusha: siku ya Idi, watu wanapojaa msikitini hadi njiani na sauti ya imamu isifike nyuma, husimama mtu katikati akayarudia maneno yake kwa sauti kuu. Haongezi neno, hapunguzi. "Utaweza?" akanong'ona. "Nitasema mimi, utarudia wewe."

"Naweza kukusomea tu, upumzike."

"Ukisoma, utakuwa ni mhadhara wako."

Zein akakubali. Jumamosi asubuhi, kabla wageni hawajaketi, alimwendea Bwana Nicodemus.

"Lile neno langu, Bwana Mkuu. Nilikosea. Si ghera."

"Ni nini basi?"

"Ni lile jingine. Hata kwenu lipo."

Bwana Nicodemus alimtazama kwa muda, na uso wake mnene ukalegea. "Lipo," alisema. "Hata mimi nimewahi kulipika na kulila."

Ukumbi ulijaa. Makarani wa vipindi vya jioni walikuja na mashati yao meupe. Nyuma, safu nzima ya buibui, Bi Mwanakuu na Mwanaesha wamekaa bega kwa bega, maana msamaha ulikuwa umeombwa, na Mwanaesha alikuwa ameuuza ghali. Mbele walikaa wageni, mkubwa wao akiwa Daktari Dishon, mwembamba, mwenye miwani mizito.

Swabaha alinong'ona, Zein akapaza. Mwanzoni watu waliguna. Kisha wakazoea, kama mtu anavyozoea kusikiliza kupitia pazia. Kamusi, alisema Swabaha kwa kinywa cha Zein, ziliandikwa na wanaume waliouliza wanaume, na herufi zao hazikutosha. Kaa la moto na kaa wa pwani wameandikwa sawa. Lakini muulizeni mama anayemtuma mtoto sokoni. Wa pwani hutoka na pumzi.

Hapo pakatokea kichekesho, maana mnong'ono wote ni pumzi, na Zein hakujua amenong'onezewa kaa yupi. Swabaha akatembeza vidole vyake mezani, upandeupande. Zein akamtamka kaa wa pwani, na pumzi yake, kama alivyomsikia utotoni jikoni kwa mamake, na safu ya buibui ikacheka kwa kujitambua. Makarani wakajaribu kwa midomo yao. Hata Bwana Nicodemus alionekana akijipulizia kiganjani apime.

Yalikuja maswali. Mgeni mmoja akamgeukia Zein: "Bwana, wewe mwenyewe unaonaje, sauti hizi zitadumu?"

Zein alikuwa na la kusema. Alikuwa na mengi, tena mazuri, na watu mia wakimtazama yeye. "Mimi narudia tu," alisema. "Mwulize mwenyewe."

Mwisho Daktari Dishon akakohoa. "Langu ni la kawaida. Kazi hii ina safari na vikao. Mume wa Bibi anasemaje?"

Jibu lilikuwa tayari kinywani mwa Zein: sina kipingamizi, naona fahari. Lilikuwa jibu jema. Watu wangempigia makofi, mume mwungwana, na kesho baraza ingekuwa na la kuzungumza. Akavuta pumzi. Swabaha akamshika mkono wa kanzu, akamvuta, akamnong'oneza.

Zein akaunyoosha mgongo. Ukumbi ukangoja. Kisha akalirudia, hakuongeza wala hakupunguza, kwa sauti iliyofika hadi madirisha ya nyuma:

"Zein alipobakizwa mhadhiri, mimi sikuulizwa."

Mtu alianza kucheka, akaacha. Daktari Dishon akavua miwani. "Jibu hilo ni lako au ni lake?"

"Ni lake," akasema Zein. Na masikio yakimwaka moto, akaongeza lile neno moja ambalo lilikuwa lake mwenyewe: "Na ni kweli."

Makofi yakaanza nyuma, kwenye buibui. Yalipita juu ya kichwa cha Zein yakaenda kwa Swabaha, na Zein, aliyetoka kusema kweli mbele ya mji mzima, akahisi ndani yake kile kidudu kikiinua kichwa: na mimi je? Kumbe hakijafa. Alishangaa, kisha akahuzunika, kisha akakitazama tu, akijua sasa kinapokaa.

Chai ilipoletwa, vikombe vilipangwa, na wahadhiri wakasimama wakilitazama buli. Swabaha alikuwa amezungukwa na makarani wake. Joab ndiye aliyelichukua hatimaye. Alimimina vibaya, akaunguza kidole, akasema hakujua kumbe kazi yenyewe ni ngumu hivi.

*

Jibu kutoka Nairobi lilifika katikati ya wiki iliyofuata, kwa simu ya Mkuu. Amethibitishwa, na idara ni yake. Barazani kwa Mzee Muhdhar walikwisha kumpa Zein lile jina la Bwana Swabaha, naye alikwisha kuliitikia mara moja, kwa shida.

Kesho yake alfajiri Swabaha aliamka akasikia maji yakitiririka uani. Alishuka ngazi. Zein alikuwa amechutama, kata mkononi, na chini ya mikono yake, bila ya kuambiwa na mtu, ameliweka lile beseni.

Aliinua uso uliolowa. Hakujieleza.

Swabaha alimtazama, kisha akalitazama beseni, maji yako chini kabisa. Sauti yake ilikuwa imerudi, nzito bado, yenye mikwaruzo pembeni.

"Zidisha, bwana," alisema. "Cheo ni kikubwa."